Mtambo wa Pili Ulikuwa Bado Baridi

Kila mtu anayeleta baiskeli yake kwangu kuzibwa pancha ananiuliza jambo lile lile, na mimi nimechoka kulisimulia vipande vipande huku nimeshika pampu. Ninyi rafiki zangu wa Busia, na wewe uliyehamia Kisumu ukaniandikia barua mbili nisikujibu, haya ndiyo yaliyotokea tangu nilipokwenda kumchukua mdogo wangu hadi nilipomfikisha. Habari za tiketi, mihuri na karani aliyeniambia nirudi kesho nimeziruka, maana hizo mnazijua hata msipotoka nyumbani. Mkishasoma, msiniulize tena.

Namboboto hadi Uingereza

Mdogo wangu aliitwa Wandera. Alikwenda Uingereza kusomea ujenzi, masomo yakaishia njiani, akaajiriwa kwenye ujenzi wa jumba kubwa la umeme wa atomu kando ya bahari. Mwaka wa pili baada ya uhuru akaanguka kutoka juu ya majukwaa ya ujenzi, akafa. Simu ya maandishi ilifika Busia kwenye duka la Salim, mwenye lori, kwa sababu hiyo ndiyo anwani tuliyokuwa tukiitumia sote. Salim hakumtuma mtu. Alifunga duka akaileta mwenyewe hadi nyumbani kwetu Namboboto, akakaa na sisi mpaka jioni.

Wenye ujenzi waliuliza kama wamzike kule kule. Mama alikataa. Akaniambia, "Maiti hasafiri peke yake, Ouma. Wewe ndiye mkubwa wake. Nenda umlete, na usimwache njiani hata hatua moja."

Nikaahidi. Mimi ni mwepesi wa kuahidi, mnanijua.

Wale wenye ujenzi walinipa nafasi kwenye ndege ya kwenda, na kwenye meli ya kurudi naye. Sikula chochote angani, kwa kuwa nilikuwa kwenye msiba. Dada aliyetuhudumia akadhani chakula hakinipendezi, akaniletea kingine, nacho nikakikataa, akaleta cha tatu pamoja na mfuko wa kutapikia. Kiingereza changu ni cha kuuzia spoku na minyororo. Nilimwambia, "Brother dead," naye akanishika bega akasimama hapo muda mrefu kuliko kazi yake ilivyomruhusu. Mpaka leo namkumbuka yule dada.

Kando ya bahari ya kijivu

Aliyenipokea alikuwa Jim, Mwairishi mfunga vyuma, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Wandera. Alinipeleka juu ya kilima chenye upepo mbaya akanionyesha. Majumba mawili makubwa yalisimama ubavu kwa ubavu, marefu kupita mnara wowote wa kanisa niliowahi kuuona. La kwanza lilikuwa limekamilika, vioo vyake vinang'aa. La pili lilikuwa limezungukwa na majukwaa kama mtu aliyefungwa bendeji mwili mzima.

Tulikaa kwenye nyasi tukala samaki na viazi vya kukaanga ndani ya gazeti, na Jim akanieleza historia ya mahali hapo tangu mwanzo. Alisema pole pole, akichora kwa kidole, na nisipoelewa alirudia.

Hapo zamani palikuwa malisho ya kondoo na kijiji cha wavuvi. Serikali yao ilikuwa inatafuta mahali penye maji mengi ya kupozea mitambo na watu wachache wa kulalamika. Hao wachache walilalamika, wakasikilizwa kwa heshima, kisha matingatinga yakaja. Yakachimba shimo. Vyuma vya mtambo wa kwanza vikafika vipande vipande, vikachomelewa pale pale mpaka vikawa chungu kimoja kikubwa cha kuingia kanisa letu zima, na kila mshono ukapigwa picha namna hospitali wanavyopiga mfupa uliovunjika.

Ndani ya chungu hicho ilibidi yapangwe matofali ya grafiti, yaani makaa meusi magumu yaliyochongwa laini na kutobolewa matundu ya kupitishia fimbo za urani. Msimamizi akauliza nani amewahi kupanga matofali. Wandera akanyoosha mkono. Kweli alikuwa amepanga; yeye na marehemu baba ndio waliofyatua na kuchoma matofali ya kanisa la Namboboto. Hakuwaambia wazungu kwamba yale yalikuwa ya udongo.

Kazi hiyo ilikuwa na masharti yake. Waliingia wamevaa nguo nyeupe ambazo mifuko yake ilishonwa ikafungwa. Saa, pete, kalamu, vyote viliachwa mlangoni, na mwanamke mmoja aliandika kila kilichoingia na kila kilichotoka, kwa sababu kitu kikisahaulika mle ndani hakitolewi tena maisha. Siku moja Wandera akatoka na kifungo kimoja pungufu. Jim aliniambia kazi ilisimama siku mbili. Watu wazima walitambaa kwa magoti na taa wakitafuta kifungo cha shati. Kilikuja kuonekana kwa dobi, kimenasa kwenye mshono wa mkono. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza kutoka hayakukoma. Yule alikuwa Wandera kabisa. Alipokuwa akichunga mbuzi wa baba alikuwa akihesabu wanane wakati wako tisa.

Mtambo wa kwanza ukakamilika. Wakaingiza urani, kisha wakaanza kuvuta kidogo kidogo fimbo za namna nyingine, zinazouzuia moto usiwake. Jim alisema wafanyakazi wote walingoja kishindo. Hakikutokea. Sindano ilisogea kwenye kipimo, na mzungu mmoja mwenye miwani akaomba chai. Baadaye umeme ukapanda kwenye nguzo kwenda mijini. Wake za wafanyakazi walikuja na watoto kutazama, wakakuta hakuna moto wala moshi, wakarudi nyumbani wamekasirika. Waliofurahi ni wale wavuvi waliolalamika mwanzo, maana maji yanayotoka kupoza mtambo huingia baharini yakiwa ya moto moto, na samaki hujazana hapo.

Halafu Jim akakunja lile gazeti mara nyingi. Aliniambia kwamba mtambo wa kwanza ulipowashwa, Wandera alibaki humo msimu mmoja, akisafisha na kupaka rangi vyumba vya karibu. Kila mfanyakazi wa humo alivaa kifuani beji yenye kipande cha filamu ndani. Kila mwezi filamu husafishwa, na ikiwa nyeusi wanajua mtu amepigwa na mionzi. Mwezi mmoja filamu ya Wandera ilitoka imeingia weusi hafifu. Ilikuwa kidogo, Jim akasisitiza, chini ya kiwango chao. Lakini kwa usalama wake wakamtoa, wakamhamishia mtambo wa pili, ambao haukuwa na urani hata chembe.

Huko ndiko ubao uliolowa ulikomtelezesha. Walimtoa kwenye moto ili wamwokoe, wakampandisha kwenye ngazi.

"Mwambie mama yako," Jim alisema, "mtambo wa pili ulikuwa bado baridi. Hakufa kwa atomu. Amwambie kila mtu."

Bandarini, halafu melini

Mdogo wangu nilimwona mara moja kabla hawajamfunga. Uso wake ulikuwa mzima. Sheria ya meli ilitaka maiti afungwe ndani ya jeneza lenye bati la zinki lililochomelewa, halafu sanduku la mbao juu yake. Nilimwangalia sana kwa sababu nilijua ni mimi tu nitakayemwona, na kwamba Mama ataniuliza.

Bandarini nahodha aliposikia marehemu alifanya kazi wapi akakataa kupakia. Ikabidi aitwe mtu mwenye kisanduku cha kupimia mionzi. Alipokisogeza juu ya jeneza kikalia: tik, kikapumzika, tik, tik. Nywele zikanisimama. Yule mtu aliona uso wangu, akakisogeza ukutani, kikalia vile vile. Akakiweka juu ya kikombe chake cha chai, juu ya kiatu changu, juu ya mkono wake mwenyewe. Tik, tik. Akanieleza kwamba dunia yote inalia hivyo, mawe, maji, watu, na kwamba jeneza halikuzidi chochote. Nahodha akaridhika, akatia saini. Nami niliridhika kwa akili.

Safari ya baharini ilichukua karibu mwezi. Sina la kuisifia. Nilikuwa nikishuka kila asubuhi kwenye ghala la chini kumsalimia mdogo wangu, mpaka mabaharia wakadhani nina wazimu na wakaacha kuniuliza. Mpishi mmoja wa Zanzibar ndiye aliyeelewa. Alikuwa akinipa chapati mbili kila mara, akisema moja ni ya mgonjwa wangu. Sikumsahihisha.

Mombasa hadi Malaba

Kutoka Mombasa nilimpelekea Salim simu ya maandishi: tunafika Malaba Ijumaa, leta lori. Busia haina reli, kwa hiyo ilikuwa lazima tushukie Malaba. Jeneza likaingizwa kwenye behewa la mizigo nyuma, mimi nikakaa daraja la tatu, na kila stesheni niliteremka nikaenda nikaligusa lile behewa. Nairobi nililigusa. Nakuru nililigusa, nikanunua na mahindi ya kuchoma. Eldoret mvua ilinyesha kwa ghadhabu, na abiria mwenzangu, bwana mmoja mnene mwenye kuku wawili, akaniambia, "Boss, kwani hiyo behewa itakimbia? Kaa chini, utashikwa na homa." Nikakaa. Mnisamehe, nilikuwa nimechoka.

Asubuhi tukafika Malaba. Nikashuka na mkoba wangu, nikakimbia nyuma. Behewa halikuwepo.

Karani mmoja, sijui wa stesheni gani, alikuwa ameandika kwenye kibao cha lile behewa kwamba mzigo unashukia Tororo. Eldoret, wakati mimi nimekaa chini nisishikwe na homa, waliliondoa kwenye gari letu wakalifunga kwenye gari la mizigo lililotutangulia. Lilikuwa limepita Malaba alfajiri, likavuka mpaka. Mdogo wangu alikuwa Uganda, peke yake.

Siku nne Malaba

Bwana stesheni alikuwa mtu mwema asiye na haraka. "Hiyo kitu itarudi," aliniambia. "Tororo wameshaiona. Lakini gari ya kurudi huku iko siku ya Jumanne."

"Lakini ni mtu, bwana. Si kitu."

"Pole sana, mzee. Hata mtu inangoja gari."

Salim hakuwa amefika. Daraja moja kwenye barabara ya murram, isiyo na lami, ya kutoka Busia lilikuwa limefunikwa na maji, na hakuna lori lililopita. Nikataka kuvuka kwa miguu kwenda Tororo kukaa na maiti wangu, lakini bwana stesheni akanionya kwamba nikienda na behewa likarudi kwa gari lingine tutapishana. Basi nikakaa. Nilikuwa nimemwahidi Mama nisimwache hata hatua moja, na sasa kati yetu kulikuwa na mpaka wa nchi mbili.

Nilikula kwa Mama Amoit, Mteso mwenye kibanda nyuma ya stesheni. Alipika ugali wa wimbi, ambao wao huuita atap, na mboga iliyotiwa karanga za kusaga. Siku ya kwanza aliniuliza nimebeba nini hata nalilia gari la mizigo. Nikamwambia kila kitu, hata habari za atomu, na ndiyo kosa nililolifanya Malaba. Mama Amoit hakuwa na ubaya wowote. Lakini madereva wa malori, wanunuzi wa pamba na kina mama wa soko wote hula kwake.

"Hiyo moto yenye haionekani," aliniuliza siku ya tatu, akiwa ameacha kukaa karibu nami, "inaweza kutoka kwa sanduku?"

"Hakuna moto, mama. Alianguka tu."

"Sawa. Mimi naamini wewe." Akanisogezea bakuli kwa mwiko.

Jumanne behewa likarudi. Salim naye akafika, lori lake limejaa tope hadi kwenye taa. Baba yake ni Mnubi na mama yake Mganda, na kwa msiba yeye hujua la kufanya bila kuambiwa. Alivua kofia, akaomba dua yake kimya, ndipo akatafuta watu wa kubeba. Aliona wabebaji wa stesheni wamesimama mbali, mikono nyuma.

"Wana nini hawa?"

"Wamesikia habari za atomu."

Salim akaweka bega lake mwenyewe chini ya sanduku. Bwana stesheni akaja, halafu bwana mmoja mpita njia asiyejua chochote. Tukapakia.

Malaba hadi Mundika

Tulikaribia Busia. Ndipo Salim akaniambia, macho yake barabarani.

"Ouma ndugu yangu, nikueleze mapema. Nyumbani wamezika."

"Wamezika nani?"

"Wandera. Jumapili. Wamezika mgomba."

Ninyi wa huku mnajua, lakini nieleze kwa ajili ya watakaosoma mbali. Kwetu, mtu akifia mahali ambapo mwili hauwezi kupatikana, akazama ziwani au akapotelea vitani, wazee hukata shina la mgomba, wakalizika mahali pake kwa heshima zote. Watu hulia, hunyoa, na msiba hufungwa. Tangu hapo mtu huyo ana kaburi, na mambo yake yamekwisha.

"Lakini walijua nakuja! Nilileta simu!"

"Niliwapelekea mimi mwenyewe. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Mzee Barasa akasema, mnaona, haji. Akasema afadhali hivyo." Mzee Barasa ni ndugu wa marehemu baba, na tangu baba alipofariki neno lake ndilo la mwisho pale nyumbani. "Anaogopa, Ouma. Wote wanaogopa. Wanasema mwili una moto wa bomu, utaua kisima na ng'ombe."

Nilitaka kupiga kitu, nikapiga goti langu.

Tulipita mjini bila kusimama. Mundika, mbele kidogo ya mji, lori likazama kwenye tope. Watu waliokuwa wakitoka sokoni wakaja kusukuma, kama ilivyo desturi, kina mama wakaweka vikapu chini, wakaanza kuimba ule wimbo wa kusukumia. Gari likaanza kupanda. Ndipo mmoja wao akachungulia nyuma akaona sanduku.

"Salim! Si hii ndiyo ile ya Malaba? Ile ya atomu?"

Sikusikia jibu la Salim. Nilichosikia ni wimbo kukatika. Wakaachia kwa pamoja, na lori likarudi chini kwenye shimo lake na sanduku likagonga mlango wa nyuma. Mama mmoja alipanguza mikono yake kwenye majani, mara nyingi, akinitazama kwa huruma kabisa. "Pole, dada yetu ni mgonjwa, hatuna nguvu ya kuongeza shida ingine," aliniambia, nao wakaenda. Tulitoka hapo jioni, mimi na Salim, kwa mawe na magunia.

Namboboto

Tulilala kwenye lori, asubuhi tukafika. Mzee Barasa alikuwa amesimama kwenye lango na wazee wengine watatu. Hakuwa na fimbo wala hasira. Alikuwa amekonda.

"Mwanangu, pole na safari," alisema. "Lakini mtu wetu tumeshamzika. Mtu hana makaburi mawili. Huyo mpeleke misheni wamtafutie mahali."

"Baba, mmezika mgomba. Wandera yuko hapa."

"Na huo moto?"

Basi nikasimama pale langoni nikawaeleza historia ya jumba lile tangu kondoo mpaka kifungo cha shati. Niliwaambia mitambo ni miwili. Niliwaambia namna matofali ya grafiti yanavyopangwa, na kwamba bila urani ni makaa tu, hayana tofauti na jivu la jikoni. Niliwaambia wa kwanza ulikuwa umewashwa na wa pili bado, na kwamba Wandera aliangukia kwenye wa pili, ambao ulikuwa baridi. Sijawahi kuongea vizuri namna ile. Salim aliwaambia habari za kile kisanduku cha bandarini, nilizokuwa nimemweleza njiani, na hakusema kilikuwa kinalia.

Mzee Barasa alisikiliza yote. Halafu akauliza swali moja tu.

"Na huo wa kwanza, ulipowashwa, aliingia?"

Mama alikuwa ametoka nyumbani kwake. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na hilo lilinikata kuliko yote niliyoyaona tangu niondoke. Alisimama nyuma ya wazee akinitazama.

"Hakuingia," nikasema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, Baba."

Wazee wakasogea kando wakashauriana. Kabla hawajarudi Mama alishapita katikati yao akiwa na jembe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi jipya lililo kando ya la baba, akaanza kufukua. Hakulia.

"Mgomba utoke," alisema, "mtoto aingie."

Hakuna aliyethubutu kumzuia mama kwenye kaburi la mwanawe. Mzee Barasa alisimama kidogo, kisha akavua koti, akamwomba jembe akamsaidia. Waliutoa ule mgomba, umeshaanza kuoza, wakaupeleka nje ya boma. Katekista alikuja akaomba. Wa kushusha jeneza tulikuwa wanne: mimi, Salim, Mzee Barasa na Mama. Wengine walisimama nje ya ua, wakaimba kutoka huko huko.

Mama alitaka kumwona uso. Nikamwambia bati limechomelewa, haiwezekani. Akauliza, "Alikuwa yeye?" Nikamwambia alikuwa yeye, uso mzima, na kovu lake la kwenye nyusi. Akaitikia kwa kichwa.

Jioni, watu walipotawanyika, akanikalisha jikoni kwake. "Ulisema vizuri," akaniambia. "Lakini mimi nilijua. Aliniandikia."

Kumbe mwanzoni Wandera alimwandikia kwamba anajenga jiko la atomu, na Mama kwa fahari yake akampa katekista barua asome mbele ya watu baada ya misa. Wengine walipiga makofi. Lakini mwalimu mmoja akawaeleza mabomu ya atomu yalifanya nini huko Ujapani, na hofu ikaanzia hapo. "Ni mimi niliyeileta kwa mdomo wangu," Mama alisema, na hapo ndipo alipolia. Barua iliyofuata, iliyosema anafanya kazi mlangoni pa ule uliowashwa, na kwamba filamu yake imekuwa nyeusi kidogo na amehamishwa, hakumpa katekista. Aliipeleka Busia, akamwomba Salim amsomee chumba cha nyuma cha duka.

Kwa hiyo Salim naye alijua. Alijua Malaba alipoweka bega, na alijua alipokuwa akishusha kamba kaburini.

Tangu hapo

Nawaandikia haya nikijua karatasi hutembea, na ikimfikia Mzee Barasa nitamjibu mwenyewe. Kila mwenye elimu niliyemuuliza ananiambia kwamba mtu aliyepigwa na mionzi kidogo vile hana cha kumwambukiza mwingine, akiwa hai wala akiwa kaburini. Jim alisema hivyo. Yule wa kisanduku alisema hivyo. Mimi ndiye niliyewaambia ukoo mzima, kwa sauti kubwa, langoni.

Kila Jumapili naenda Namboboto kwa baiskeli. Mama amepanda viazi vitamu kando ya makaburi, ardhi ya pale ni nzuri. Majirani hawavipokei akiwapa, wanasema asante, tunavyo. Tunakula wawili, na mimi huomba niongezewe ili anione nikiomba.

Nina watoto watatu, ambao kabla ya msiba walikuwa wakishinda kwa bibi yao. Jumapili asubuhi mke wangu huwavalisha viatu, na mimi huwaambia wavivue, leo mvua, leo baiskeli haina breki.

Jumapili iliyopita Mama aliniwekea kiazi cha pili kwenye sahani, akakaa mbele yangu.

"Ouma, wajukuu wangu mbona hawaji tena? Ni mke wako anaogopa?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni yeye."